Mbuzi Iko Nyuma ya Mlango: Tanga na Nairobi, Tulivyobadilishana Nyumba

Kabla ya safari

Mwezi wa saba nilipiga hesabu ya kulala hoteli Nairobi, watu wanne, usiku kumi, nikafunga daftari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, mume wangu fundi umeme. Tuna Bi Mkubwa wa miaka saba, jina alilopewa kwa sababu anaongea kama bibi yake, na Bwana Mdogo wa miaka mitatu na nusu, ambaye haongei sana ila mkono wake hautulii. Nyumba tunayo, ya urithi: vyumba vitatu, kuku na mwembe uani, na baharini si mbali kwa baiskeli. Pesa ya hoteli ndiyo hatuna.

Wifi yangu ameolewa Nairobi. Yeye ndiye aliyetuunganisha na familia moja ya mtaa wa South B, mume na mke na watoto wawili walio rika moja na wangu. Walitaka bahari ya Desemba, lakini Desemba bara yote ya Kenya hushukia Mombasa na bei za vyumba zinapanda pamoja na joto. Mama wa familia ile nitamwita Mama Nairobi. Yeye alishaniita Mama Tanga tangu simu ya kwanza. Tukakubaliana: ninyi laleni kwetu, sisi tulale kwenu, na shilingi isipite kati yetu.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mtandao wa Intervac, mmoja wa mitandao ya mwanzo kabisa ya kubadilishana nyumba, ulianzishwa Ulaya mwaka 1953 na walimu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Likizo ndefu, mshahara mfupi, akili lazima ichemke.

Maandalizi yalituchukua miezi minne, na kazi kubwa haikuwa safari, ilikuwa maelewano. Tuliandika kurasa mbili. Umeme kila mtu anajinunulia anaoutumia. Kitu kikivunjika, sema siku hiyo hiyo. Chumba kimoja kila upande kinafungwa kwa kufuli na hakiulizwi. Wao ni wapangaji, kwa hiyo walimwarifu mwenye nyumba wao kwa maandishi. Sisi tulikwenda kwa mjumbe wa mtaa kumwambia kutakuwa na wageni, maana mtaani kwetu sura ngeni ikifungua mlango wa mtu, watu hawaulizi mara mbili. Funguo za Tanga tukamwachia bibi wa jirani, wao wakamwachia mlinzi wa ghorofa lao.

Makaratasi: pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000. Mimi na mume wangu tulikuwa nazo, watoto tukawachukulia hati ya dharura ya safari, inayotosha kwa nchi za Afrika Mashariki. Viza Mtanzania haihitaji kuingia Kenya. Chanjo ya homa ya manjano tulichoma wote na kadi tukazitia kwenye mfuko mmoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mfuko ule niliuvaa shingoni kama hirizi mpaka mwisho wa safari.

Siku ya 1: Tanga, Horohoro, Likoni

Tarehe 10 Desemba, bendera za sikukuu ya Uhuru ya jana bado zimening'inia madukani. Tulipanda Coaster ya Horohoro saa tatu asubuhi. Lami yote, kilomita sitini na kidogo, Bwana Mdogo alilala njia nzima na kuamka mpakani akiwa na nguvu za watu watatu.

Jengo la mpakani ni moja. Unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania, unasogea dirisha la pili, unagongewa wa kuingia Kenya. Bi Mkubwa alisikitika. Alidhani mpaka ni ukuta, au angalau mstari. Akamwamkia afisa, "Shikamoo, mpaka uko wapi?" Afisa akamwonyesha sakafu.

Nje, upande wa Lunga Lunga, tulipanda matatu pamoja na akina mama waliokuwa wanaongea Kidigo tangu Tanga na walioendelea na mazungumzo yale yale Kenya kana kwamba hawakuteremka gari. Wadigo wako pande zote mbili. Watu wa namna hiyo mpaka wanauona kwenye mihuri tu.

Usiku tulilala Likoni, Mombasa, kwa shangazi wa mume wangu, wanne chumba kimoja, chandarua kimoja. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, na swali moja lililorudi mara tano: "Yaani mmempa mtu msiyemjua nyumba?" Shangazi hakuridhika na jibu langu lolote. Nami, kusema kweli, usiku ule sikuridhika nalo.

Siku ya 2: Treni

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa kwenye kivuko cha Likoni. Mtembea kwa miguu halipi. Watu wanamiminika kama siafu na hakuna anayesimama, kwa hiyo Bwana Mdogo alifungwa kwa kanga mgongoni kwangu, mkubwa wa miaka mitatu na nusu, aibu yake na yangu. Ng'ambo tukakodi gari hadi stesheni ya Miritini. Iko mbali na mji, na ndiyo nauli iliyotuuma kuliko zote siku ile.

Kabla ya kuingia stesheni, mizigo ya abiria hupangwa chini kwa mstari, watu wakasimama pembeni, na mbwa wa polisi akapita akinusa begi moja baada ya jingine. Mbwa alikaa kidogo kwenye begi letu. Mume wangu akanitazama. Ndani kulikuwa na kilo moja ya dagaa wa kukaanga, zawadi kwa wifi. Mbwa akaendelea na kazi, lakini nadhani kwa shingo upande.

Treni ya saa mbili asubuhi ndiyo inayosimama vituo vya njiani. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya mtu mzima, watoto wa umri wa wangu nusu. Kwa wote wanne 4,500, na shilingi yao moja kwetu ni kama ishirini. Wifi alitukatia tikiti mapema, na alifanya jambo la maana: alipata upande wa viti viwili viwili vinavyotazamana, penye meza katikati. Upande wa pili wanakaa sita, magoti kwa magoti. Mwenye watoto wadogo ataelewa thamani ya meza.

Tsavo tuliona tembo kumi na mmoja. Bi Mkubwa aliwahesabu kwa sauti na behewa zima likahesabu naye. Wekundu wote, kwa vumbi la udongo wa kule. Akauliza kama wakioga wanakuwa wa kijivu. Mzee aliyekaa nyuma yetu akajibu, "Wakioga wanajipaka tena, mjukuu wangu. Kama mama yako na poda."

Saa tano hivi simu ikaita. Mama Nairobi. Nao walikuwa kwenye treni ya saa mbili, waliyoipanda Nairobi kushuka Mombasa. "Mko wapi?" Karibu Mtito Andei. "Sisi pia tunakaribia!" Tulisogeza watoto dirishani. Treni yetu ikapunguza mwendo, kisha upande wa pili ikapita ile nyingine, madirisha yote yakimetameta, na Bwana Mdogo akapunga mikono miwili kwa watu elfu moja, mmoja wao akiwa mtu anayekwenda kulala kitandani kwake. Hatukuona sura hata moja. Simu ilikatika. Bi Mkubwa akauliza, "Sasa nyumba yetu haina mtu?" Nikamwambia kuna kuku.

Tulifika Syokimau alasiri, tukaunganisha na treni ya mjini, kisha matatu. Mlinzi wa ghorofa, kijana wa Kikamba mwenye kofia ya sufu, alitupokea kwa jina. Ghorofa ya nne, lifti hakuna. Bi Mkubwa akamwambia shikamoo. Kijana akacheka akatazama nyuma kuona anayeamkiwa ni nani.

Siku ya 3: Jamhuri

Tarehe 12 Desemba, siku ya Jamhuri. Wiki moja, nchi mbili, uhuru mara mbili. Wanangu walidhani sherehe inatufuata. Tuliangalia gwaride kwenye televisheni ya watu, tukiwa tumejifunika blanketi za watu, maana Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi sisi watu wa Tanga tulikuwa tunatetemeka wakati watoto wa jirani wamevaa kaptula.

Nyumba ilikuwa safi, ndogo, na imejaa vikaratasi. Mama Nairobi ni mtu wa vikaratasi. Juu ya jiko: "Meko inawashwa na kiberiti, ile button haifanyi." Kwenye mita: "Token zikiisha stima inapotea, usiogope." Mume wangu aliusoma ule wa stima mara mbili. Kwao umeme haukatiki, unapotea, kama mtoto sokoni. Siku nzima alikwenda akiusema peke yake: stima imepotea, stima imepotea.

Kabatini tulikuta unga wa dona, maharage, majani ya chai na sanduku la midoli lenye kikaratasi cha mwandiko wa mtoto: "Hizi zote mnaweza kucheza except gari nyekundu." Bwana Mdogo hajui kusoma. Gari jekundu ndilo alilolala nalo usiku ule.

Jioni ikaja simu kutoka Tanga. Walikuwa wamefika, wamelala Mombasa usiku mmoja na kuvuka Horohoro asubuhi. Nyumba nzuri, bahari nzuri, bibi wa jirani amewapa maembe. Kisha Mama Nairobi akashusha sauti. "Mama Tanga, pole kwa kukusumbua. Hiyo mbuzi. Imetoroka?"

Sikuelewa. Hatuna mbuzi. Tuna kuku saba na jogoo.

"Watoto wameitafuta kila mahali. Mume wangu ameenda mpaka kwa barabara."

Hapo nikakumbuka. Nami niliacha kikaratasi, kimoja tu, mezani: "Nazi ziko kwenye kapu. Mbuzi iko nyuma ya mlango wa jikoni."

Kwa mtu wa pwani sentensi ile haina shaka. Mnyama angekuwa *yuko*. Ikisemwa *iko*, ni kibao cha kukunia nazi, chenye meno yake ya chuma, unachokikalia. Lakini Nairobi *iko* inabeba kila kitu: mbuzi iko, mtoto iko, baba iko kazini. Kwa hiyo familia ya watu wanne, waliochoka na safari ya siku mbili, ilizunguka uani kwangu na tochi wakimwita mnyama ambaye hajawahi kuzaliwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama Nairobi, alipoelewa, akasema, "Na hicho kiti chenye meno tumekifungia ndani ya store. Tulifikiri ni mtego."

Nilimfundisha kukuna nazi kwa simu ya video, yeye ameikalia mbuzi kwangu Tanga, mimi nimekaa kwenye kochi lake South B. Alikuna vizuri, ila alikuna mpaka kwenye kifuu, tui likawa na rangi ya chai.

Siku ya 4: Zamu yetu

Nani alisema ucheke mapema. Saa kumi na mbili asubuhi mlinzi aligonga milango yote ya ghorofa akipiga kelele: "Maji imekuja! Leteni mitungi!" Mtaa ule maji ni ya mgawo, yakitoka lazima uyakinge.

Mume wangu aliruka kitandani. Alinisikia nikisema subiri, hakusubiri. Akafungua mtungi wa gesi, kilo sita, akaubeba ghorofa nne hadi chini akiwa na msuli na fulana. Huko alikuta foleni ya watu wenye madumu ya njano. Kwetu mtungi ni wa gesi. Kwao mtungi ni dumu la maji. Alisimama kwenye foleni muda gani kabla ya kugundua, mpaka leo hasemi. Mlinzi ndiye aliyeniambia kwamba mama mmoja alimwuliza kwa huruma, "Baba, hiyo utaingiza maji wapi?"

Mchana nilimwandikia Mama Nairobi habari hiyo yote. Akajibu kwa neno moja: "Sare."

Tulianza orodha ukutani, kwenye karatasi nyuma ya mlango, Bi Mkubwa akiwa mwandishi. Dagaa, omena. Mnafu, managu. Magimbi, nduma. Makande, githeri, ingawa mume wangu anabisha kuwa si kitu kimoja. Kotimiri, dhania. Na lile lililotutesa sokoni: mboga. Kwetu ukiuliza leo mboga nini, jibu linaweza kuwa nyama. Nilimwuliza mama muuza sukuma wiki "mboga nyingine ipi inayokwenda na ugali" nikitarajia aniambie samaki wako wapi, akanionyesha kabichi.

Siku ya 5: Reli

Makumbusho ya reli, karibu na stesheni ya zamani ya katikati ya jiji. Raia wa Afrika Mashariki wana bei yao kwenye makumbusho za Kenya. Kuwa na kitambulisho mkononi kabla ya kufika dirishani. Kwa watoto wadogo hapa ni pazuri kuliko panapotajwa sana, kwa sababu injini kuukuu ziko nje na wanaruhusiwa kupanda. Bwana Mdogo aliendesha treni kwa saa mbili bila kusogea hata hatua.

Ndani ya uwanja kuna behewa alimolala Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, aliyekwenda kumwinda simba mla watu mwaka 1900. Alisinzia, simba akapanda behewani, akamtoa kupitia dirishani. Kituo lilipotokea jambo hilo kinaitwa Kima. Mume wangu alifungua mdomo atie utani, nikamkanyaga mguu, watoto walikuwa wanasikiliza.

Bi Mkubwa hakuogopa simba. Alitaka kujua kama Tanga pia kuna makumbusho ya reli. Nikamwambia reli ya Tanga Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, miaka mitatu kabla Waingereza hawajaanza ya kwao Mombasa. Akamgeukia mtoto asiyemjua, Mkenya wa watu, akamwambia, "Sisi tulianza."

Siku ya 6 na ya 7

Homa. Bwana Mdogo, usiku, digrii 39. Hili ndilo ambalo picha za safari hazionyeshi: saa nane usiku, mji wa watu, hujui swichi ya taa ya koridoni iko wapi. Nilimpigia Mama Nairobi nikiona haya. Alipokea mlio wa kwanza. Kipimajoto kiko droo ya tatu, dawa ya homa ya watoto iko nyuma ya kioo cha bafuni, angalia tarehe, zahanati iliyo wazi usiku ni mtaa wa pili, mlinzi atawasindikiza. Yote hayo akiwa Tanga, anayanong'ona asiwaamshe wake.

Zahanati, swali la kwanza: mmetoka wapi? Niliposema pwani wakampima malaria kabla ya kitu kingine. Hakuna. Kifua tu, baridi ya mlimani kwa mtoto wa baharini. Siku ya 7 tulikaa ndani tukala uji, nikasoma vitabu vya hadithi vya watoto wa nyumba ile. Kwa hoteli siku mbili za namna hiyo ni pesa iliyotupwa. Hapa ilikuwa siku mbili za kuugulia nyumbani, ila nyumbani kwenyewe ni kwa mtu mwingine.

Mchana jirani wa ghorofa ya tatu alipandisha supu ya kuku. Alikuwa ameshaongea na Mama Nairobi. Nilitambua kwamba tangu tufike tulikuwa chini ya ulinzi wa macho kumi, kama wao walivyokuwa chini ya bibi yangu wa jirani, na kwamba mikataba yetu ya kurasa mbili haikuwa na mstari hata mmoja juu ya hilo.

Siku ya 8: Karura

Mtoto amepona, hewa anaihitaji. Msitu wa Karura uko ndani kabisa ya jiji, na kama si mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake waliopigwa pale mwaka 1999 wakizuia usigawiwe kwa wajenzi, leo pangekuwa majumba. Niliwaeleza watoto hayo kwa ufupi. Waliyokumbuka wao ni nyani aliyemnyang'anya mtu ndizi.

Onyo kwa Mtanzania: Nairobi pesa taslimu inaonekana kama ushamba. Matatu, duka, choo cha kulipia, kila mahali wanataka simu. Nunua laini ya kule siku ya kwanza kwa pasipoti yako. Sisi tuliichelewesha mpaka siku ya 4 na tulikuwa tunamwomba mlinzi atulipie kwa simu yake, tunampa noti. Mtu mzima na mume wake.

Siku ya 9

Ukuta. Wa sebuleni, mweupe, uliopakwa rangi karibuni. Bwana Mdogo, kalamu ya wino, treni yenye mabehewa tisa.

Nilisugua kwa sabuni, kwa dawa ya meno, kwa ndimu. Mabehewa sita yalifutika nusu. "Sema siku hiyo hiyo," tuliandika wenyewe. Nilipiga picha nikaituma, nikaandika kuwa tutampata fundi wa rangi kesho asubuhi, nikaweka simu kifudifudi mezani kama mwanafunzi aliyepeleka karatasi ya mtihani.

Jibu lilichelewa robo saa. Ilikuwa picha. Banda langu la kuku, mlango wazi. Chini yake: "Mimi pia nilikuwa naogopa kukuambia. Kuku wawili hawajarudi tangu jana. Kijana wangu alitaka waone bahari."

Fundi wa rangi alikuja, nikamlipa 1,200. Kuku nilisema tuwasamehe.

Siku ya 10

Kwa wifi, siku nzima. Dagaa walipokewa. Sina zaidi la kuandika. Watoto walicheza, wakubwa tulisema watu.

Siku ya 11: Kufua

Anayefikiri kubadilishana nyumba ni mteremko aje siku ya kuondoka. Hotelini unaacha taulo sakafuni. Hapa nilifua shuka zote, nikaosha friji, mume wangu akatengeneza ile swichi ya koridoni na soketi mbili zilizolegea, hakuombwa na mtu. Tulijaza madumu, au mitungi, yote ya maji. Tulinunua mtungi, wa gesi sasa, tukajaza. Gari jekundu tulilirudisha juu kabisa ya sanduku.

Hesabu ya mwisho, nikiweka nauli zote kwenda na kurudi, chakula, hati, chanjo, viingilio, zahanati na rangi ya ukuta, ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyoifungia daftari mwezi wa saba, na ile ilikuwa ya vyumba tu.

Tulipoteremka, Bi Mkubwa alipita kwa mlinzi. Kabla hajafungua mdomo kijana akavua kofia akasema, "Marahaba!" Kumbe asubuhi zote hizo alikuwa anafundishwa, na leo alitaka kuwahi.

Siku ya 12: Nyumbani

Treni ya kushuka ilijaa pomoni, Krismasi inakaribia, na safari hii tulipata upande wa watu sita. Sitaki kuisimulia. Likoni usiku, Horohoro mchana, kadi za homa ya manjano ziliulizwa, zilikuwepo.

Wenzetu walikuwa wameshaondoka asubuhi. Tulipishana tena, safari hii mahali fulani kati ya Lunga Lunga na Ukunda, bila hata dirisha la kupungia. Bibi wa jirani alitukabidhi funguo na ripoti kamili: watu wazuri, wanaamka mapema, mtoto wao mdogo anakula embe na maganda.

Ndani palinukia sabuni nisiyoitumia. Kwenye fremu ya mlango wa chumba cha watoto, kando ya alama za urefu za wanangu, kulikuwa na mistari miwili mipya ya penseli, mmoja ukimzidi Bi Mkubwa kwa kidole. Alikasirika, akajipima tena papo hapo akiwa na viatu.

Mume wangu aliwasha taa, haikuwaka. Akasema kwa utulivu, "Stima imepotea."

Nilipapasa hadi jikoni kutafuta kiberiti. Mezani kulikuwa na kikaratasi, nikakisoma kwa mwanga wa simu. Mwandiko wa Mama Nairobi, kila neno limekaa sawa kama wa mtu aliyeandika kwanza mahali pengine ndipo akanakili:

"Mbuzi tumemwosha, tukamrudisha nyuma ya mlango. Yuko salama."